Cheki-tatu: kwa nini bingwa wa klabu anapigwa na mtoto wa darasa la tano?

Mwalimu_Jinja
Habari wadau. Nina swali ambalo limenikaa kichwani tangu likizo ianze.

Klabuni kwetu hapa Jinja siku za kawaida tunacheza chesi ya kawaida. Jumamosi jioni tunacheza cheki-tatu ili watoto wachangamke. Ubao ni uleule, kete ni zilezile, zinasogea vilevile. Kilichobadilika ni ushindi tu: ukimtia mwenzako cheki (kumtishia mfalme wake) ya tatu, mchezo umeisha hapohapo, hata kama kete uliyomtishia nayo ilikuwa inaliwa hatua inayofuata. Chekimeti, yaani mfalme ametishiwa na hana pa kukimbilia, nayo bado inahesabika.

Sasa kuna kaka mmoja pale klabuni, kwenye chesi ya kawaida hakuna mtoto anayemtoa jasho. Anajua ufunguzi, anajua kumalizia, anakubana taratibu mpaka unakosa pa kupumulia. Lakini kwenye cheki-tatu anapigwa na binti wa darasa la tano, na amempiga zaidi ya mara moja. Juzi kaka alikuwa amekwisha kumla malkia. Tuliosimama pembeni tulishaanza kupanga upya ubao wa jirani. Binti akanyanyua farasi, akamtua kisanduku cha c7, akasema "cheki" kwa sauti ndogo. Ya tatu. Kaka bado ana malkia, ngome mbili na maaskofu wote, na ameshindwa.

Mimi nasema hii si bahati. Cheki-tatu inapima kitu ambacho chesi ya kawaida haikipimi. Kitu gani? Nisaidieni.

FarasiMweusi
Jibu liko kwenye bei. Huyo kaka yako amefundishwa kuhesabu askari moja, farasi tatu, askofu tatu, ngome tano, malkia tisa. Hesabu hiyo ilitengenezwa kwa mchezo ambao mwisho wake ni chekimeti. Ukibadilisha mwisho, bei zote zinabadilika. Kwenye cheki-tatu, askofu mzima kwa cheki moja mara nyingi ni biashara nzuri. Binti hajakaririshwa zile bei, ndiyo maana hauoni uchungu wa kutoa.

Tazama hii. Mweupe e4, mweusi e5. Mweupe askofu c4, mweusi anatoa farasi c6 kama anavyotoa kila siku. Askofu anakula f7: cheki ya kwanza. Mfalme anamla. Malkia h5: cheki ya pili. Sasa mtafutie mfalme pa kwenda. Ukiziba kwa askari g6, malkia anamla huyo askari, cheki ya tatu. Ukienda e7, malkia anakula e5, cheki. Ukienda e6 au f6, malkia anakuja f5, cheki. Hatua tano, kwisha. Kwenye chesi ya kawaida mweupe angekuwa amejiangamiza.

Koboko256
Nimepanga ubao nikajaribu. Banange! Kila mlango umefungwa.

Binti_Busia
Kosa la mweusi ni farasi c6. Angetoa yule mwingine, farasi f6, ile h5 ingekuwa inalindwa, malkia akija analiwa. Askofu akijitoa kwa f7 unamla, na cheki ya pili ya haraka itamgharimu malkia wake. Na hata ukiwa umekosea, si lazima umle askofu, mfalme anaweza kupanda e7. Utabaki na cheki mbili za kupoteza na mfalme yuko barazani, lakini mchezo unaendelea.

Kwa hiyo FarasiMweusi, mfano wako ni mzuri ila unaonyesha mtego, hauelezi kwa nini mtu mzima anapigwa kila wiki. Mtego unajifunza ukipigwa mara moja.

FarasiMweusi
Sawa dada, farasi f6 anafunga ule mlango. Hoja ya bei bado imesimama.

Koboko256
Mwalimu, swali dogo: nani anacheza mweupe? Kwa maana cheki-tatu anayeanza ana nguvu kupita kiasi. Kwenye chesi ya kawaida kuanza ni faida ndogo. Hapa kila hatua ya kwanza ni tishio, mweusi anashinda kujilinda tu. Kama mnawapa watoto mweupe kwa huruma, basi mmeshawapa nusu ya mchezo.

Mwalimu_Jinja
Ni kweli mara nyingi tunawapa watoto mweupe, desturi ya klabu. Lakini ile ya farasi c7 binti alikuwa mweusi. Hapana, subirini. Farasi alitua c7, mfalme alikuwa e8, kwa hiyo mfalme aliyepigwa ndiye mweusi, na binti alikuwa mweupe. Koboko umenigusa pale pale.

Koboko256
Mimi nimemaliza. Nileteeni soda.

Nyabo_Mbale
Hujamaliza, kaka. Rangi inaeleza michezo ya karibu karibu, haielezi mtu aliyekula malkia mzima halafu akapoteza. Akishafika hapo faida ya kuanza imekwisha zamani.

Mimi nina watoto wawili nyumbani wanaocheza kwenye simu, tovuti ya chesi ya Lichess haitozi kitu na cheki-tatu imo. Wanacheza mmoja baada ya mwingine mpaka bando linakata. Huyo kaka anacheza cheki-tatu Jumamosi tu. Mtoto anacheza kila akirudi shuleni. Msitafute falsafa pale ambapo pana mazoezi tu.

Mzee_Bombo
Salaam wanangu. Mnanishangaza kidogo kuona mnajadili kubadilisha sharti la ushindi kana kwamba ni jambo la simu. Sisi tumekua na omweso. Ubao wa mashimo thelathini na mawili, safu nne za mashimo nane, empiki (kete zake) sitini na nne, idadi sawa na visanduku vya ubao wa chesi. Pale hakuna mfalme wa kuua. Unashinda mwenzako anapokosa hatua, maana shimo lenye kete moja haliruhusiwi kuanza kusambaza. Mtu anaweza kuwa bado ana kete zake kadhaa, lakini zimekaa mojamoja kila shimo, basi amekwisha.

Mtoto aliyekua anatazama wazee wakicheza omweso anajua tangu mapema kwamba kuwa na vingi si kushinda. Mtu aliyeanzia chesi hajui hilo.

Lugogo_Askofu
Mzee heshima yako. Lakini huyo binti wa Jinja anajua omweso kweli? Watoto wa mjini siku hizi wanauona ubao wa omweso kwenye maduka ya watalii tu.

Mwalimu_Jinja
Nimemuuliza leo. Hachezi omweso. Babu yake anacheza.

Mzee_Bombo
Basi ameonja.

Gulu_Kaskazini
Mzee amenikumbusha jambo. Kwenye chesi, ukikosa hatua na mfalme hayuko kwenye cheki, ni sare. Kwenye omweso ukikosa hatua umepoteza. Hali ileile, hukumu mbili. Nani ana haki? Mimi kila siku naona ni dhuluma: unamnyang'anya mtu kila kitu, unabaki na malkia, unakosea kidogo anakwama, anachukua nusu pointi na kucheka.

Binti_Busia
Ni hukumu tatu, Gulu. Kwenye ile chesi ya kupoteza, ambayo kushinda ni kuliwa kete zako zote na kula ni lazima ukipata nafasi, anayekwama ndiye mshindi. Omweso anapoteza, chesi sare, chesi ya kupoteza anashinda.

Lugogo_Askofu
Hiyo chesi ya kupoteza mashine zimeshaimaliza. Imethibitishwa mweusi anashinda, haina maana kuicheza tena.

FarasiMweusi
Mweupe, si mweusi. Mark Watkins alithibitisha Oktoba 2016 kwamba mweupe akianza na askari e3 anashinda, mweusi afanye atakavyo. Na usiseme haina maana. Uthibitisho ni mti mkubwa wa kompyuta, hakuna mtu mezani anayeukariri. Ukianza d4 kwa mazoea ya chesi ya kawaida unapoteza kabisa, mweusi analazimisha ushindi. Mtu wa klabu anafungua d4 bila kufikiri.

Lugogo_Askofu
Asante kwa kunyoosha. Kwa hiyo tena mazoea.

FarasiMweusi
Ndiyo, na ndicho nilichosema tangu mwanzo.

Daktari_Mbarara
Gulu, dhuluma yako ina historia ndefu. Kwenye shatranji ya Waarabu na Waajemi, aliyemkwamisha mwenzake alishinda. Tena kulikuwa na ushindi mwingine: ukimla mwenzako kete zote akabaki mfalme mtupu, umeshinda bila kuhangaika na chekimeti. Uingereza kwa muda mrefu walifanya kinyume kabisa, aliyemkwamisha mwenzake ndiye aliyepoteza, mpaka mwanzoni mwa karne ya 19 walipoanza kuhesabu sare. Emanuel Lasker, bingwa wa dunia aliyekaa kwenye kiti miaka 27, alitaka kukwamisha kuwe na malipo yake kidogo kuliko chekimeti.

Halafu mwaka 2020 watu wa DeepMind, kampuni ya akili bandia, pamoja na Vladimir Kramnik, bingwa wa zamani wa dunia, waliipa programu yao ya AlphaZero sheria mbalimbali za chesi icheze yenyewe kwa yenyewe. Mojawapo ilikuwa kwamba kukwamisha ni ushindi. Matokeo hayakubadilika sana, sare zilibaki nyingi. Kuondoa ile hatua ya kumficha mfalme pembeni na ngome nako kulijaribiwa.

Gulu_Kaskazini
Hao ni mashine, hawakwamishi kwa kukosea. Sisi wanadamu tunakwamisha kila wiki. Kwetu ingebadilisha sana.

Daktari_Mbarara
Hapo sikupingi. Ila ukiondoa kukwama, unaua masomo mengi ya kumalizia na askari mmoja. Mfalme na askari dhidi ya mfalme mtupu, nusu ya ujuzi wake ni kujua lini mwenzako atakwama. Watoto wanalipenda somo hilo kwa sababu lina njia ya kujiokoa.

Koboko256
Turudi Jinja jamani, tumefika Uajemi.

Nyabo_Mbale
Koboko unataka kurudi kwa sababu rangi ilikuwa upande wako.

Gulu_Kaskazini
Mimi nacheza Mfalme wa Kilima zaidi kuliko cheki-tatu. Unashinda ukimfikisha mfalme wako kwenye vile visanduku vinne vya katikati, d4, e4, d5, e5. Pale nimewapiga watu wenye cheo, maana wao wanamficha mfalme kwa mazoea na mimi namtoa mbio. Kizuri ni kwamba mfalme akikanyaga e4 hata kama anashambuliwa, umeshinda.

Binti_Busia
Hapana kaka. Mfalme haruhusiwi kuingia kwenye cheki, hata kileleni. Lazima kisanduku kiwe salama kwanza. Ndiyo maana watu wanapigania kutishia katikati na maaskofu kutoka mbali. Kama mnacheza hivyo Gulu, mnacheza sheria yenu.

Gulu_Kaskazini
Ndivyo tulivyofundishana hapa. Basi wapo watu nitawadai mchezo upya, au watanidai mimi.

Daktari_Mbarara
Kinachonivutia kwenye Mfalme wa Kilima ni kwamba mfalme mtupu kabisa, bila kete hata moja, bado anaweza kushinda kwa kutembea. Na cheki-tatu ina kitu kama hicho: kwenye chesi ya kawaida mfalme na farasi mmoja dhidi ya mfalme mtupu hawawezi kumaliza, ni sare moja kwa moja. Kwenye cheki-tatu farasi huyohuyo akibakiza cheki moja ni muuaji. Ndicho alichokifanya binti wa Jinja. Kaka alipomla malkia alidhani ameondoa hatari. Hatari ilikuwa kwenye hesabu, na hesabu ilikuwa imeshafika mbili.

FarasiMweusi
Hapo Daktari umelisema vizuri kuliko mimi. Ukishapigwa cheki mbili, bei ya kete ya mpinzani haijalishi tena. Askari mmoja anayeweza kukutishia ni sawa na malkia. Mtu mwenye mazoea anaendelea kuwinda kete kubwa kwanza.

Nyabo_Mbale
Lakini kwa nini mazoea hayo yasivunjike baada ya wiki kadhaa? Huyo kaka si mjinga. Amejua sheria, amepigwa, amerudi, amepigwa tena.

Chapati_Wandegeya
Nimesoma uzi wote, hamjataja hofu. Kwenye chesi ya kawaida mwalimu wa kwanza anakwambia: usitishie mfalme bure, cheki isiyo na mpango haina faida. Na ukitishiwa, usihangaike, sogeza mfalme au ziba, endelea. Tumefundishwa kuidharau cheki. Mtu mzima akitishiwa moyo wake haushtuki hata kidogo, kwa sababu ameshatishiwa mara elfu na hakufa. Mtoto akisikia "cheki" anaruka. Kwenye cheki-tatu anayeruka ndiye mwenye akili sawa.

Mzee_Bombo
Hili limenikaa vizuri.

Lugogo_Askofu
Halafu kuna saa. Mwalimu, mnacheza kwa dakika ngapi?

Mwalimu_Jinja
Dakika tano kila mmoja, maana saa ni chache na watoto ni wengi.

Lugogo_Askofu
Ndiyo hapo. Kwa dakika tano mtu wa kubana taratibu hana nafasi. Mpeni dakika thelathini halafu muone kama binti bado anamchapa. Mimi nadhani mnapima wepesi, mnafikiri mnapima akili.

Chapati_Wandegeya
Wepesi nao ni akili, askofu wangu.

Binti_Busia
Niongeze jambo kuhusu jinsi mnavyofundisha. Robert Katende, mwalimu wa chesi wa mtaa wa Katwe kule Kampala, alianza na watoto ambao wengine walikuwa hawajui hata kusoma vizuri, na kutoka pale akaja Phiona Mutesi, aliyepata taji la FIDE, shirikisho la chesi la dunia, mwaka 2012 kule Istanbul. Mtoto mgeni kwenye ubao anajifunza chochote unachomwekea kuwa lengo. Ukimwambia lengo ni cheki tatu, anaona cheki tu. Mtu mzima anaona chekimeti kwanza, anatafsiri, ndipo anaona cheki. Ile tafsiri inachukua muda, na kwa dakika tano muda ndiyo kila kitu. Kwa hiyo Lugogo na FarasiMweusi mnasema jambo moja na mnabishana bure.

Lugogo_Askofu
Hatusemi jambo moja. Mimi nasema akipewa muda atashinda. Yeye anasema hatashinda hata akipewa siku nzima.

FarasiMweusi
Siku nzima atashinda kwenye chesi ya kawaida. Cheki-tatu bado atamwacha askofu wa binti ale f7.

Daktari_Mbarara
Kama mnataka kumvunja mazoea kabisa, mwekeeni Mbio za Wafalme. Aliitunga Mwingereza V. R. Parton mwaka 1961. Kete zote zinaanza upande mmoja, hakuna ruhusa ya kutia cheki hata mara moja, na anayemfikisha mfalme mstari wa nane kwanza ameshinda. Mweupe akifika kwanza, mweusi anapewa hatua moja ya mwisho. Naye akifika ni sare. Mtu aliyezoea kutishia anashangaa: mkono unakwenda, sheria inamkataza.

Koboko256
Au ile ya jeshi: mweupe ana askari thelathini na sita bila mfalme, mweusi ana kete zake za kawaida. Mweusi anashinda akiwala wote, mweupe anashinda kwa chekimeti. Hapo angalau hakuna wa kulalamikia rangi.

Nyabo_Mbale
Wewe ndiye pekee unayelalamikia rangi.

Mwalimu_Jinja
Wadau, nimesoma yote, nimepata pa kuanzia. Jumamosi hii kaka atacheza mweupe michezo yote dhidi ya binti, na kila mmoja atapewa dakika ishirini na tano. Nitaandika hatua zote kwenye karatasi. Akishinda, hoja za Koboko na Lugogo zimepata nguvu. Akipigwa, nitawarudia FarasiMweusi na Chapati.

FarasiMweusi
Umebadilisha mambo mawili kwa pamoja, Mwalimu. Akishinda hutajua ni rangi au ni saa.

Binti_Busia
Kweli. Fanya Jumamosi moja rangi, nyingine saa. Na mkubaliane kabla: kete mbili zikimtishia mfalme kwa hatua moja ni cheki moja au mbili? Lichess inahesabu moja. Kwenye ubao wa mezani nimeona watu wakigombana mpaka kete zikamwagika.

Mwalimu_Jinja
Tutahesabu moja. Na tutaanza na rangi, saa ibaki dakika tano.

Mzee_Bombo
Mwalimu, na babu yake yule binti mlete pia. Mwambie aje na ubao wa omweso, mimi nitapanda taksi kutoka Bombo.

Gulu_Kaskazini
Kuna mtu Kampala anacheza Mfalme wa Kilima Jumapili? Nakuja wikendi hii, na sasa nataka kucheza kwa sheria sahihi.

Chapati_Wandegeya
Njoo Wandegeya, tunakaa nje baada ya saa kumi. Ubao upo. Saa hakuna, lete yako.